Mtakatifu wa Pipa la Unga

Hoteli ilijengwa ukingoni kabisa mwa kreta ya Ngorongoro. Watu hutoka nchi za mbali ili waamke pale asubuhi, wafungue pazia, waone kazi ya mikono ya Mungu imelala chini yao na ukungu wake. Wageni wa chumba namba tisa, wao, saa nne ya asubuhi walikuwa wamelifunga pazia. Tena walilibana katikati kwa vibanio vya nguo ili hata uzi wa mwanga usipenye, kisha wakawasha kompyuta.

Lukresia aliketi kwenye ncha ya kiti, mkoba magotini, akawatazama. Ee Mungu, alisema moyoni, hawa uliwapa macho ya kazi gani?

Majina yao yalikuwa Desmond na Ulf, lakini yeye alishawapa majina mengine tangu siku ya kwanza: Glavu na Miwani. Glavu, kwa sababu hakugusa kitu bila kuvaa glavu nyeupe za kitambaa, kama askofu wa zamani. Miwani, kwa sababu alikuwa nazo tatu, moja puani, moja kipajini, moja ikining'inia kifuani, na bado aliuliza kila kitu kiko wapi.

"Mama Lukresia," Swaleh alimnong'oneza. Swaleh alikuwa dereva wao, mtu mzima wa Karatu mjini, aliyewashusha wageni kreta kwa miaka kumi na tisa. "Nimewaambia hawa watu kuna faru. Unajua walinijibu nini? 'Faru wako wengi.'"

"Faru wako wengi?"

"Wallahi. Faru wako wengi, mkanda uko mmoja."

Mkanda wenyewe, wa sinema, ulipatikana kijijini Daa, katika stoo ya nyumba ya zamani ya mapadre, ambayo ufunguo wake hukaa kwa Lukresia kwa kuwa ndiye mtunza sakristia wa kigango. Ulikuwa ndani ya mkebe wa bati, umefunikwa na magunia. Mtu aliupiga picha, akaituma mtandaoni kuuliza ni kitu gani, na kabla mwezi haujaisha hawa wawili walikuwa wameshapanda ndege. Glavu alipoufungua mkebe kwa mara ya kwanza, aliuinamia, akafumba macho, akanusa. "Hakuna siki," alisema, na machozi yakamlengalenga. Mikanda ya zamani ikianza kuoza hunuka siki, ndivyo walivyoeleza. Lukresia alikuwa amewaona watu wakilia mbele ya Ekaristi, na wengine mbele ya jeneza. Hakuwa amemwona mtu anayelia kwa sababu kitu hakinuki.

Ilikuwa sinema bubu, ya kabla picha hazijapata sauti, ya kuchekesha, dakika kumi na moja. Kampuni iliyoitengeneza ilikufa zamani. Nusu ya kwanza ilijulikana kuwapo kwenye ghala moja huko Ulaya. Nusu ya pili, kwa kadiri walivyojua wao, hakuna aliyeiona kwa miaka tisini. Wapenzi wa vitu hivi waliandikiana barua kuihusu, wakagombana, wawili wakaacha kusalimiana kabisa.

"Je, ni nzuri?" Lukresia aliuliza kwa Kiingereza chake.

Walitazamana kama watu walioulizwa kama Baba Mtakatifu ana sura ya kupendeza.

"Nzuri?" alisema Miwani. "Mama, ni ya pekee."

"Nimesikia. Lakini ni nzuri?"

Glavu alibonyeza kitufe cha kompyuta, walimokuwa wameshaunakili mkanda, na projekta ikamulika ukuta.

Lukresia hakuwahi kuiona picha ile, kwa sababu alizaliwa mwaka ambao mashine ya padre iliharibika. Lakini aliijua kama alivyoijua Njia ya Msalaba. Kijijini kwao waliiita Picha ya Mtakatifu Remigius. Kwa miaka kumi na miwili, kila tarehe mosi Oktoba, padre mzungu wa wakati ule alitundika shuka ukutani, na baba yake Lukresia, Katekista Martini, akasimama kando yake na fimbo kuwaeleza watu kinachoonekana. Kila maandishi yalipotokea, katekista aliyasoma, na watu wakaitikia "Amina" kwa pamoja, jinsi wazee wa Kiiraqw wanavyoitikiwa wanapoomba slufay, sala yao ya baraka. Remigius alikuwa mwenye dhambi aliyelala usingizi wa dunia. Akashuka kaburini. Akatoka mweupe kama theluji, na ulimwengu ukamkimbia. Ibilisi akamfukuza kwa umbo la ndege mwenye shingo ndefu, lakini Remigius akajitupa mtoni, akabatizwa, akaokoka. Ndiyo maana kigango kile kilikuwa na akina Remigius kumi na mmoja, na hakuna nyumba iliyofuga bata.

Sasa ukutani mwa hoteli alitokea kijana mwembamba, amelala juu ya meza ya mkate, mdomo wazi. Maandishi yakaja. Lukresia alikuwa mwanafunzi wa masomo ya jioni ya Kiingereza kwa mwaka wa nne, na aliyasoma polepole, kidole kikitembea juu ya mkoba.

*Mikate haijaiva, lakini yeye ameshaiva.*

Aliyasoma tena. Hakukuwa na neno la dunia wala la dhambi. Kijana aliamka, akatoa chupa ndani ya soksi. *Moja tu, halafu kazi.* Hapo ndipo baba yake alipokuwa akisoma: "Bwana, mimi sistahili." Mwenye duka akarudi; kijana akaruka ndani ya pipa la unga. Hilo ndilo lilikuwa kaburi. Akatoka mweupe, wanawake wakapiga mayowe, *Mzimu!* Bata bukini akamfukuza sokoni, akamdonoa makalio mara tano, na kila mara Glavu na Miwani walishikana mikono. Mwishowe akatumbukia mtoni, akainua kichwa, akatema samaki. *Jumatatu nyingine, mwajiri mwingine.* Giza.

"Aa," alisema Glavu, kwa sauti ya mtu aliyetoka kukomunika.

Makalio, Lukresia aliwaza. Watu kumi na mmoja wameitwa jina la makalio yanayodonolewa.

"Tumesikia kwamba baba yako ndiye aliyekuwa akiieleza," alisema Miwani, akitafuta miwani yake. "Na kwamba yu hai. Tunataka kumrekodi. Mfafanuzi aliye hai, mama! Hao ni adimu kuliko hata mkanda."

"Baba yangu si adimu," alisema Lukresia. "Ni mzee."

Swaleh alimrudisha Daa mchana uleule. Njiani walipita geti la Loduare, magari ya wageni yamepanga foleni kuingia, watu wametoa vichwa juu ya paa na kamera zao. Swaleh aliwaonyesha kwa kidevu. "Hawa nilikuwa nawacheka," alisema. "Naomba msamaha kwao wote."

Mzee Martini alikuwa na miaka tisini na minne. Macho yalishaondoka, masikio yalibaki, na akili pia. Alikuwa ameketi nje, mgongo ukutani, akiota jua. Alisikia hatua za binti yake akasogeza fimbo.

"Umeiona?"

"Nimeiona, baba."

"Umeyasoma maandishi?"

Lukresia alianza kukunja nguo zilizokuwa kwenye kamba, ambazo hazijakauka. "Kulikuwa na giza."

"Giza gani saa nne?"

"Walifunga pazia."

"Pale ukingoni? Walifunga pazia pale?" Mzee alitikisa kichwa. "Basi hao ndio vipofu, mimi nina afadhali. Lakini sinema husomwa gizani, mwanangu. Nimekuuliza umesoma?"

Lukresia alikunja nguo nyingine mbichi. Mzee alingoja, kisha akaongea taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyapanga maneno yake siku nyingi.

"Sikujua neno hata moja la lugha ile. Padre aliniambia, 'Martini, waeleze.' Nikasema, niwaeleze nini? Akasema, 'Unachokiona.' Ukutani kulikuwa na kalenda, tarehe mosi Oktoba, Mtakatifu Remigius. Nikaanzia hapo. Padre alikuwa nyuma ya mashine machozi yanamtoka. Nikadhani amepewa kipawa cha machozi. Mwaka wa pili nikamwomba anisomee yale maandishi. Akasema, 'Martini, usiharibu. Watu arobaini wameomba ubatizo.'"

Kipawa cha machozi, Lukresia aliwaza. Padre mzima, anacheka hadi analia, na mwalimu wake amesimama pale kwa unyofu wote na fimbo mkononi. Alimdharau yule padre marehemu kwa nguvu ambayo ilibidi aiombee msamaha palepale.

"Sasa mimi naondoka," alisema mzee. "Nitaulizwa. Sitaulizwa habari za shamba. Nitaulizwa, 'Martini, ulisoma nini pale ukutani?' Wewe umejifunza Kiingereza. Niambie kabla sijaulizwa. Nilisoma sawasawa?"

Lukresia alikuwa amejiandikisha masomo ya jioni akiwa na miaka hamsini na mitano ili aweze kusoma maelezo ya dawa za baba yake. Walimcheka, akavumilia. Alimwomba Mungu amfungulie akili, na Mungu akamfungulia. Hakujua kwamba anamfungulia kwa ajili ya siku hii.

"Nitakuambia Jumapili," alisema.

"Jumapili," mzee alirudia. "Basi nisife Jumamosi."

Siku iliyofuata alikuja mwenyekiti wa kigango, Remigius, wa kwanza kati ya wale kumi na mmoja kwa umri, mtu wa koti na tai hata akienda kuangalia ng'ombe. Alitangaza akiwa bado mlangoni kwamba wageni wamekubali kuionyesha picha ukumbini Jumapili baada ya Misa, na kwamba Mwalimu Martini atasimama tena kuieleza.

"Mwenyekiti," Lukresia alimwambia, amemvuta pembeni, "ile picha si ya mtakatifu."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa."

"Imeandikwa kwa Kiingereza?"

"Ndiyo."

"Ulichojifunza jioni." Mwenyekiti alitabasamu kwa huruma. "Mama, jioni mtu anakuwa na usingizi. Mimi nimefanya kazi na wazungu miaka minane kwenye shamba la kahawa, nimewasikia mchana kweupe. Niachie mimi."

"Basi wewe utamsomea?"

"Sina haja ya kusoma. Najua kilichoandikwa. Nimeitwa jina lake."

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Walitundika mablanketi na magunia kuzuia mwanga, na joto la watu likapanda. Wazee walikaa mbele kwenye mabenchi: Bibi Hyasinta, aliyeiona picha akiwa na miaka kumi, na wenzake waliobaki. Mzee Martini aliwekwa kwenye kiti chenye mto, kando ya ukuta, palepale alipokuwa akisimama zamani. Mtu alimpa fimbo. Lukresia alisimama nyuma yake. Glavu na Miwani walikuwa wakihangaika na nyaya, simu mbili juu ya vijiti vya miguu mitatu zikimwelekea mzee na si ukuta. Walikuwa wameipanga picha ijirudie yenyewe kila inapokwisha, ili wamrekodi kwanza kwa upande huu, halafu kwa upande ule.

Picha ilianza. Maandishi ya kwanza yalipotokea ukutani, bila mtu kuwaambia, mabenchi ya mbele yaliitikia kwa sauti moja:

"Amina!"

Glavu alishika kifua. Miwani alimfinya mkono. *Mikate haijaiva, lakini yeye ameshaiva*, ukuta ulisema, na wazee waliofunga Kwaresima sitini na zaidi wakaupigia ishara ya msalaba. Chupa ikatoka kwenye soksi. "Amina!" Sasa Miwani alikuwa akitetemeka mabega, mkono umefunika mdomo, na Lukresia alijua kutetemeka kule. Alikuwa amesimuliwa. Kilikuwa kipawa cha machozi.

"Mwalimu!" aliita mwenyekiti kutoka katikati ya ukumbi. "Tueleze basi! Vijana hawajawahi kukusikia!"

Mzee Martini alisimama kwa taabu. Aliinua fimbo kuelekea ukutani, mahali ambapo kwake palikuwa na giza tupu. Alifungua mdomo, na Glavu akasogeza simu karibu kiasi cha kumgusa ndevu.

"Huyu ni Remigius," mzee alianza. Akasimama hapo. Fimbo ilishuka. "Lukresia."

"Naam, baba."

"Leo ni Jumapili."

"Ndiyo, baba."

"Soma wewe."

Mbele ya Lukresia kulikuwa na ukumbi wa watu waliobatizwa kwa picha ile, na mbele ya hao kulikuwa na simu mbili za watu aliowadharau. Kama ingekuwa kudanganya mbele ya wale wawili tu, angejitahidi. Lakini mkono wa mzee ulikuwa umemshika kiganja, na mzee hakuwa akiwauliza wao. Alisali kwa kifupi sana, kama mtu anayeruka mfereji, kisha akasoma kwa sauti, kwa Kiswahili, kila maandishi yalivyokuja. Akasoma habari ya chupa. Akasoma habari ya tajiri aliyerudi dukani na mfanyakazi aliyejificha ndani ya pipa. "Hilo si kaburi," alisema, "ni pipa la unga. Huyu ni mlevi, kibarua wa duka la mikate. Huyo ndege ni bata bukini. Hakuna mtakatifu hapa. Ni mchezo wa kuchekesha watu."

Hakuna aliyeitikia Amina.

Kisha sauti zikalipuka zote pamoja.

"Mlevi?"

"Anasoma nini huyu?"

"Kiingereza cha jioni hicho!"

"Cha kibatari!"

"Mimi mwanangu wa tatu nimemwita nani basi?" alilia mama mmoja. "Nimemwita mlevi?"

Mwenyekiti Remigius alikuwa amesimama, tai imepinda. "Lukresia! Umekosa heshima! Mwalimu amesoma miaka kumi na miwili, wewe umesoma miaka minne, tena jioni, halafu unamsahihisha baba yako mbele ya wageni? Mwalimu, mwambie aketi! Mwambie amesoma vibaya!"

Mzee hakugeuka. "Amesoma vizuri," alisema.

Sauti yake haikuwa kubwa, lakini mabenchi ya mbele yalisikia, na waliosikia wakawanyamazisha wengine.

"Aliyesoma vibaya ni mimi. Sikujua kusoma lugha ile, na niliwaambia kwamba ninasoma. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Niliona mnaamini, nikapenda kuaminiwa. Padre alinyamaza, lakini mdomo ulikuwa wangu. Ndugu zangu, niliwadanganya. Naomba mnisamehe kabla sijaondoka."

Akajaribu kupiga magoti. Lukresia na Swaleh, aliyekuwa amesimama karibu na mlango na kuja mbio, walimshika makwapa, lakini akakataa, akashuka mpaka magoti yakagusa sakafu. Fimbo ikaanguka.

Miwani alimwinamia Lukresia, macho yanang'aa. "Amesema nini? Je, hii ni sehemu ya maelezo? Je, alikuwa akipiga magoti hapa tangu zamani?"

"Hii si yenu," alisema Lukresia.

"Samahani?"

"Mkanda mmeupata. Hii si yenu."

Swaleh alinyoosha kiganja chake kipana akaifunika simu moja, kisha ya pili, kwa utaratibu, kama mtu anayefunika vikombe nzi wasiingie.

Aliyeinuka alikuwa Bibi Hyasinta. Alitembea na mkongojo wake mpaka kwa mzee, akamwekea mkono kichwani.

"Martini," alisema. "Mimi nilibatizwa na nani?"

"Na padre."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa maji, na kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Kuna unga hapo?"

"Hakuna."

"Kuna bata?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa.

"Hakuna, Hyasinta."

"Basi uliniongoza mpaka mlangoni kwa njia mbovu, lakini mlango ulikuwa ndio wenyewe. Nimekusamehe. Inuka, magoti yako si ya kuchezea."

Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakimgusa kichwa au bega, baadhi bado wamenuna. Yule mama wa mtoto wa tatu alisema amesamehe lakini hajafurahi, na mzee akamwambia hiyo ni haki yake. Mwenyekiti peke yake hakutoka mahali pake. Alikuwa akitazama ukutani, ambapo picha ilikuwa imeanza upya na kijana mwembamba alikuwa amelala tena juu ya meza, mdomo wazi.

Mzee alikalishwa kwenye kiti. Uso wake ulikuwa umelegea, lakini kitu kimoja kilikuwa bado kinamsumbua, kwa sababu alishika mkono wa binti yake tena.

"Huyu kijana," alisema. "Alikuwa mtu kweli? Si wa kuchorwa?"

"Mtu kweli, baba. Mchekeshaji."

"Ameshakufa?"

"Lazima. Ni miaka mia sasa."

Mzee alihesabu kitu moyoni. "Miaka kumi na miwili niliwafundisha watu kumwomba. 'Remigius, utuombee.' Nilisema tumwombe, na tukamwomba. Hakuna hata siku moja tuliyomwombea. Unaona? Kumwomba, kumwombea. Nilipunguza herufi moja tu, na roho ya mtu imekaa miaka yote hii mbele yetu, tunaiona inahangaika, inaanguka, inalewa, na hakuna aliyeikumbuka kwa sala." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Hilo naweza kulirekebisha leo. Jina lake nani?"

Lukresia aliwageukia wageni. Watu hawa walijua mwaka wa mkanda kwa kutazama alama ndogo za pembeni. Walijua kiwanda kilichoutengeneza, mashine iliyoutoboa matundu, na jina la mtu aliyeuza nakala ya mwisho kwa wamisionari. Usiku kucha walibishana kama bata alikuwa mmoja au wawili waliofanana.

"Mzee anauliza jina la mchekeshaji," aliwaambia.

"Halijulikani," alisema Glavu, na uso wake ukachanua. "Hilo ndilo jambo la ajabu kabisa! Hatajwi popote. Hakuna filamu nyingine alimoonekana. Hatujui alitoka wapi wala alikufaje. Angekuwa anajulikana, filamu hii isingekuwa hata na nusu ya thamani iliyo nayo."

"Mmewahi kumtafuta?"

"Kumtafuta?" Glavu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwa nini?"

Lukresia alimtafsiria baba yake yote, bila kuongeza wala kupunguza. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuhitaji kutia dharau yake mwenyewe. Ilitosha maneno yalivyokuwa.

"Watu wamempenda hivyo," mzee alisema, "na hawataki kumjua." Kisha: "Mungu anamjua. Lakini mimi nimezoea kumwombea mtu kwa jina. Nikisema 'yule wa kwenye unga' nitacheka."

Hapo mwenyekiti Remigius alikohoa. Alikuwa amekuja mbele bila mtu kumwona, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mimi jina langu ni la askofu," alisema kwa sauti kavu. "Nimesoma kwenye kitabu cha watakatifu. Alimbatiza mfalme. Hakuna anayeweza kuniondolea hilo."

"Hakuna, Mwenyekiti," alisema Lukresia. Na kwa kuwa ilikuwa kweli, aliongeza: "Yupo, na ni mkubwa."

"Basi sina hasara." Mwenyekiti alitazama ukuta, ambako kijana alikuwa akitoka kwenye pipa, mweupe, amepotea, akigeuza kichwa huku na huku. "Mpeni jina langu kwa leo. Mpaka lake lijulikane. Lakini simsamehe bata."

Alikuwa wa kwanza kupiga magoti, akiinua suruali kidogo ili isichafuke. Ukumbi ukamfuata, mabenchi yakasogezwa, watoto wakavutwa chini kwa masikio. Swaleh alivua kofia, akainamisha kichwa mahali pake karibu na ukuta. Mzee Martini alianza, kwa sauti ile ile ya zamani ambayo Lukresia alikuwa amesimuliwa tu: "Raha ya milele umpe, ee Bwana, Remigius mtumishi wako…"

Lukresia alipiga magoti kando ya kiti. Alisikia hatua karibu naye, akafungua jicho moja, akamwomba Mungu amsamehe kwa kulifungua. Katika ukumbi wote ni wawili tu waliokuwa bado wamesimama. Hawakuwa wakiwatazama wanaosali. Glavu alikuwa amemshika Miwani bega, kidole kimenyooshwa ukutani, midomo ikihesabu kimyakimya mara ngapi bata anadonoa.